Gari la viti viwili hapa Nakuru: macho ya watu yananisumbua, naomba tujadili

Kaka_wa_Lanet

Wadau, habari za jioni. Nimesoma jukwaa hili muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu jambo hili nikilisema mtaani litaonekana majigambo, na nikilisema nyumbani litaleta maswali kabla sijajipanga.

Nina agroveti hapa Nakuru na tawi dogo Njoro. Mbegu, mbolea, dawa za mimea, chakula cha mifugo. Wateja wangu wengi ni wakulima wa viazi na mahindi kutoka Njoro, Mau Narok, Molo na Kuresoi. Mwaka jana niliagiza gari nililolitamani tangu utotoni, Porsche 718 Cayman ya 2018. Milango miwili, viti viwili, injini imelala nyuma tu ya mgongo wa dereva.

Hamu hii sikuitoa kwenye simu. Mzee wangu alikuwa mtu wa Safari Rally. Alinisimulia habari za Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ile ya 1974 ndiyo iliyonishika, ila si kwa sababu ya Joginder na Mitsubishi Lancer yake. Nyuma yake, katika nafasi ya pili, alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911. Mwaka 1978 Vic Preston Jr, Mkenya mwenzetu, naye akamaliza wa pili na Porsche 911. Nilikuwa mtoto na moyo wangu ukabaki kwa lile gari lililokuja kupigana na matope yetu likakosa ushindi kidogo tu.

Kuhusu pesa niseme wazi, maana najua ndilo swali la kwanza. Sikukopa. Niliuza ploti ya Kiamunyi niliyoinunua kabla bei hazijapanda, nikaongeza akiba. Cayman ya injini ya lita 2 niliichagua kwa hesabu. Ushuru wa forodha tangu 2023 ni asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya petroli inayozidi lita 3 ni asilimia 35, na kwa yangu ni 25. Juu ya hapo VAT asilimia 16, halafu ada ya kuagiza na tozo ya reli. Kwa kuwa kodi moja inahesabiwa juu ya nyingine, mwishowe unalipa karibu sawa na thamani ambayo KRA, watu wa kodi wenyewe, wamelikadiria gari. Risiti zote ninazo. Na huwezi kusubiri litelemke bei milele, kwa sababu gari likipita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii nchini.

Sasa shida yenyewe. Gari linakaa chini ya turubai. Naliendesha Jumapili alfajiri mpaka Gilgil na narudi kabla mji haujachangamka. Siku za kazi natumia pikapu ya duka.

Kuna siku pikapu ilikuwa gereji, nikaenda dukani na Cayman, nikaliegesha mbele. Mteja wangu wa siku nyingi akatoka na mfuko wa mbolea ya DAP begani. Akaliona. Akautua mfuko chini, akapitisha kidole juu ya madigadi ya nyuma, taratibu, kama mtu anayepima vumbi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe mbolea yetu huwa inaenda huku." Hakuwa na hasira. Aliubeba mfuko wake akaenda zake. Maneno yale bado yamenikaa kooni.

Elewa kwa nini yanauma. Mwaka 2024 wakulima wa nchi hii waliuziwa mbolea feki ndani ya mpango wa ruzuku. Mtu alimwaga shambani kitu ambacho hakikuwa mbolea, akangoja mahindi. Mfuko wa ruzuku wa kilo 50 umekuwa ukiuzwa shilingi 2,500, wa dukani uko juu zaidi, na mkulima akisimama kwenye kaunta anajiuliza ile tofauti inaishia wapi. Halafu anatoka nje anaona Porsche.

Wapo wengine. Vijana wa stendi wanasema ni pesa za wash wash, yaani za utapeli. Kanisani kuna aliyeomba kwa sauti tuepushwe na tamaa za dunia, na kila mtu akajua anaombewa nani.

Ila kuna jambo linalonichanganya zaidi ya hayo yote. Jirani yangu ana Land Cruiser V8. Lile gari ni ghali kuliko langu, injini yake ni zaidi ya mara mbili ya yangu, na hakuna anayemnong'ona. Wanamwita mheshimiwa ilhali hajawahi kugombea hata uwakilishi wadi. Kwa nini lake ni heshima na langu ni kosa?

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, niendelee kulificha nisilipeleke dukani? Pili, Desemba ukoo mzima unakutana nyumbani, Bunyore, ndani kidogo kutoka Luanda. Niende nalo?

Kijana_58

Hongera kaka! Huo ni wivu tu. Kula jasho lako, nikikuona hapa Section 58 nitakupungia mkono.

FundiGereji_Nax

Boss, mimi ni fundi wa magari ya Ulaya hapa Nakuru, kwa hivyo nianze na gari, watu baadaye.

Kulificha kunaliua. Betri inashuka, tairi zinapata ubapa mahali zilipokalia, diski za breki zinashika kutu. Wapo wanaowasha injini dakika chache ikiwa palepale wakidhani wanaisaidia, kumbe haipati moto wa kutosha, unyevu unabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Hiyo safari yako ya Gilgil ndiyo inayoliokoa. Na kama turubai lako ni la plastiki, litoe leo. Lanet asubuhi ni baridi na umande, plastiki inaufungia ndani. Tafuta la kitambaa kinachopitisha hewa.

Matuta usiyaingie uso kwa uso. Ingia kwa pembe, tairi moja itangulie, polepole, hata wa nyuma wakupigie honi mpaka wachoke. Bunyore usiende usiku. Kati ya hapa na Kisumu kuna matuta ambayo rangi ilishafutika, na kwa gari lililolala chini hivyo, ukiona tuta kwa taa umeshachelewa.

Sasa kuhusu watu. Gari la aina hiyo likiingia kwangu, vijana wanaojifunza kazi wanaacha chai. Wanafungua mbele wanakuta buti. Wanafungua nyuma wanakuta buti nyingine. Wananiuliza, fundi, injini iko wapi? Nalipandisha juu ndipo waione kwa chini. Radieta ziko mbele, injini iko katikati, maji yanasafiri urefu wote huo na kurudi. Somo hilo hulipati kwenye Probox. Mimi nakuomba usilifiche hao vijana. Hawakuhukumu kabisa.

Dada_Milimani_Ksm

Kijana_58, "wivu" ni jibu la haraka mno. Nimeishi na jambo hili hapa Kisumu na si wote wanaokuangalia wana wivu.

Mimi ni mfamasia. Nina Mercedes SLK, nayo ni viti viwili, paa linakunjika. Kwa mwanamume watu wanauliza pesa zimetoka wapi. Kwa mwanamke hawaulizi, wameshajijibu: kuna mubaba, mwanamume mwenye pesa anayenilipia. Nimesimamishwa na askari akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" nikiwa nimeshika usukani. Logibuku iko kwa jina langu, leseni ina jina langu, lakini macho yake yalikuwa yanamtafuta mtu kwenye kiti cha pili.

Nilijaribu kulificha kama wewe. Nilikuwa naendesha usiku tu, Jomo Kenyatta Highway ikiwa tupu. Unajua nini kilitokea? Minong'ono iliongezeka. Gari linaloonekana usiku tu lina hadithi mbaya kuliko linaloonekana mchana. Mtu asipokuona unanunua nyanya, anajitungia ulikokuwa.

Nikaanza kwenda nalo Kibuye mchana kweupe. Kina mama wa soko walinikagua wiki za kwanza, mmoja akanisema kwa Dholuo akidhani sisikii. Nikamjibu kwa Dholuo. Tukacheka, akanifungia omena. Sasa nikikosa kuonekana wananiulizia. Vijana wa boda wa Kondele wanalijua gari, wanajua ni la yule dada wa dawa.

Sitakudanganya kwamba maneno yaliisha. Kuna shangazi yangu mmoja mpaka leo hapandi. Lakini yale ya kutungwa gizani yalipungua kwa sababu watu walinijua mimi kabla ya kuendelea kulijadili gari.

Mwalimu_Luanda

Ndugu yangu Kaka_wa_Lanet, mimi ni mtu wa kwenu, nafundisha shule ya msingi huku Bunyore. Nitakujibu lile swali la Land Cruiser kwa sababu wengine wamelipita.

Mimi huwahukumu wenye magari. Nasema waziwazi. Na siwahukumu kwa bei, kwa sababu bei siijui. Sijui Cayman ni shilingi ngapi na jirani zangu hawajui. Tunachoweza kuhesabu kwa macho ni viti.

Fikiria huku kwetu gari linafanya kazi gani. Mama mjamzito akishikwa saa nane za usiku, tunagonga kwa mwenye gari. Mzee akizidiwa, tunagonga kwa mwenye gari. Msiba ukitokea, tunahitaji watu wafike mochari, viti vitolewe kanisani, sufuria kubwa zitoke kwa kina mama wa kikundi, wakwe wachukuliwe stendi. Kila gari linaloingia kijijini tunalipangia kazi kabla mwenyewe hajazima injini. Nimewahi kuwa katibu wa kamati za mazishi na hilo ndilo jambo la kwanza tunaloandika: magari ya nani, yanabeba wangapi.

Land Cruiser ya jirani yako ina viti vya kutosha kubeba kwaya nusu. Labda hajawahi kubeba mtu. Lakini ukiliona, unajua anaweza kuombwa. Gari la viti viwili limeshakataa kabla hujaomba. Hicho ndicho watu wanakisoma, na wengi hawawezi kukieleza, kwa hivyo wanasema wash wash, wanasema tamaa za dunia, wanasema chochote kilicho karibu.

Sisemi wako sahihi. Wewe una pikapu, na huenda umebeba majeneza mengi kuliko mheshimiwa wako. Nasema swali lao ni hili: tukigonga, utafungua?

Kaka_wa_Lanet

Mwalimu, nimesoma jibu lako mara nyingi leo. Ni kweli pikapu ya duka imebeba misiba. Imebeba mpaka ng'ombe wa mahari. Na ni kweli sikuwahi kuona kwamba mtu anayeniona na Cayman haioni ile pikapu.

Dada, pole kwa hayo ya askari. Hilo la kuendesha usiku limenigusa, kwa sababu ile alfajiri yangu ya Jumapili ndiyo hiyohiyo.

Lakini bado nina mteja wangu wa mfuko wa DAP. Yeye hakuwa anahesabu viti.

MzeeWaMolo

Kijana wangu, mimi ni mkulima, nalima viazi na mahindi huku Molo. Sinunui kwako, lakini nanunua kwa mwenzako, kwa hivyo nitakujibu kama yule aliyeshika gari.

Alikuwa na haki ya kusema. Hakuna mkulima ambaye hajawahi kuuziwa kitu kibaya. Mbegu isiyoota, dawa iliyochanganywa na maji, mbolea ile ya 2024. Msimu ukiharibika huurudishi, unangoja mwaka mzima, na karo ya watoto haingoji. Anayekuuzia anaendelea kufungua duka kila asubuhi. Ukiona amenunua gari la kifahari, moyo unapiga hesabu wenyewe.

Mimi sina shida na tajiri. Muuzaji ninayemwamini ana nyumba nzuri kuniliko na sijawahi kumwonea uchungu. Nakuambia anafanya nini. Bei zote zimeandikwa kwa chaki ubaoni nje ya duka, mbolea kwa mbolea. Ikipanda anaandika mpya na anatuambia imepanda kwa nini. Mbegu ya mahindi akiiuza, anakwambia ukwaruze ile lebo ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, hapohapo kaunta, utume nambari kwa 1393, ungoje ujumbe urudi kwenye simu yako ndipo ulipe. Asiyejua kutuma, kijana wake anamwonyesha kwenye simu ya mkulima mwenyewe, si ya duka. Risiti anaandika hata kwa kilo mbili.

Mtu wa namna hiyo akija na ndege nitasema amefanya kazi. Sasa jiulize wewe. Yule mteja angeweza kujua faida yako kwenye mfuko mmoja ni kiasi gani? Kama hawezi kujua, amebaki na gari peke yake la kumwambia.

Dada_Milimani_Ksm

Mzee, asante. Hata kwa dawa za binadamu ni hivyohivyo. Mtu akijua anacholipia, hachungulii nimeegesha nini.

Kijana_58

Nakubali, Mzee. Nilijibu haraka. Ila naomba nitetee kitu kimoja. Sisi vijana tuliokulia hapa tumezoea kuambiwa ukipata kitu kizuri kifiche. Mjomba anajenga nyumba nzuri anaiacha bila rangi miaka mingi watu wasiseme. Mwingine anaegesha gari mtaa wa pili anatembea mpaka kwao. Tunakua tukijua anayeonyesha pesa waziwazi ni mwizi peke yake, kwa sababu mwenye jasho amejificha. Mimi ningependa kumwona muuza mbegu ana Cayman na najua kwamba ni muuza mbegu. Hilo lingenifundisha kitu kuhusu mji huu.

FundiGereji_Nax

Kijana amesema neno. Nawaona wanaoleta magari hapa wakitaja kazi zisizoeleweka. "Biashara." Biashara gani? "Biashara tu." Ungekuja wewe ukasema nauza mbolea, gereji nzima ingekuelewa.

Kaka_wa_Lanet

Wadau, nimekaa na haya yote na nimefikia mahali. Niandike wakati bado nina mawazo sawa.

Mzee wangu wa Molo, la kwako nimelianza leo asubuhi. Ubao umewekwa nje ya duka la Nakuru, wa Njoro unaandikwa kesho. Risiti tulikuwa tunatoa, lakini bei watu walikuwa wanaulizia kaunta kwa sauti ya chini, na sasa naona hiyo sauti ya chini ilikuwa inazaa nini. Lile la 1393 tulikuwa tunalitaja akiuliza mtu. Kuanzia sasa mbegu haitoki kaunta kabla ujumbe haujarudi. Yule mteja akija kwa ajili ya mbolea ya kukuzia, nitamkalisha nimwonyeshe ankara ya msambazaji, aone nilinunua bei gani, aone usafiri, aone kinachobaki. Yeye ana haki na hesabu hiyo kwa sababu pesa zake zimo ndani yake. Na wafanyakazi wangu wana haki pia, wanajua duka linaingiza nini na wanajua mshahara wao. Nimeona mwaka huu niupandishe mshahara kabla sijafikiria kubadilisha tairi za gari lile.

Vijana wa stendi siwadai na hawanidai. Nitapita nao nikiwasalimu, wataamua wenyewe. Aliyeomba kanisani nitazungumza naye ana kwa ana, kwa sababu ni mtu ninayemheshimu, na sitaki niwe nakaa benchi moja naye nikiwa na neno.

Fundi, turubai la plastiki nimelitoa. Jumanne nitakuja na gari mchana, waite vijana wako. Wakitaka kulipandisha juu walitazame, mimi nitangoja.

Mwalimu, lako ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu siwezi kuongeza viti. Ila umenipa njia. Desemba mdogo wangu ataenda na pikapu, ifike nyumbani siku mbili kabla yangu, ufunguo akabidhiwe mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, itumike kwa lolote litakalotokea mpaka tuondoke. Mimi nitakuja na Cayman mchana kupitia Kericho na Ahero, polepole kwenye matuta. Hata mvua ikiwa imeharibu njia ya kuingia kwetu, sitaliacha kwenye maduka ya Luanda kama mtu anayekimbia deni. Nitaomba kuliegesha pale shuleni kwako na nitatembea.

Mwalimu_Luanda

Uwanja wa shule uko wazi, karibu. Mlinzi nitamwambia. Ufunguo kwa mwenyekiti wa kina mama ni jambo zuri, ila mwambie mdogo wako ajaze tangi kabisa, kwa sababu gari likikabidhiwa bila mafuta watu wanaona umewapa mzigo. Na ni vizuri wajue mapema ili wasikodi lingine.

Swali moja. Mama anajua? Usiwe umetuambia sisi wa jukwaani kabla yake. Akilisikia kwa jirani, hata pikapu kumi hazitakusaidia.

Kaka_wa_Lanet

Hajui, Mwalimu. Anajua niliuza ploti, hajui nilifanyia nini. Nampigia Jumapili akishatoka ibadani, na nitaanza na ile habari ya mzee na rally ya 1974, maana alikuwepo wakati mzee ananisimulia.

Dada_Milimani_Ksm

Mpigie kesho. Usingoje Jumapili, huu uzi umeshasambazwa kwenye makundi mawili ya WhatsApp ya hapa Kisumu na mtu wa Luanda hakosi humo.